Kwa nini mauaji ya vijiji vya Waingereza yanatuletea usingizi?

#1 Nyakwezi
Wakuu, salaam. Filamu za kutisha siziwezi. Hata taarifa ya habari ikifika kwenye ajali nabadilisha chaneli. Lakini Jumapili usiku nikishajifunika shuka na kuweka Midsomer Murders, ile tamthilia ya upelelezi ya Waingereza, watu watatu wanauawa kabla chai haijapoa na mimi nalala fofofo. Mume wangu hanielewi kabisa. "Unapumzikaje na maiti?" anauliza, na sina la kumjibu.

Najua siko peke yangu. Hiyo Midsomer iko hewani tangu 1997. Murder, She Wrote ya yule mama mwandishi, Jessica Fletcher, ilikwenda misimu 12, vipindi 264, kuanzia 1984 hadi 1996. Bibi Marple, yule mzee mpelelezi wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, alipata riwaya yake ya kwanza mwaka 1930 na hadi leo anachapishwa. Mpangilio ni uleule: kijiji kidogo, bustani za maua, kanisa, keki, halafu asubuhi mtu anakutwa amekufa maktabani kwa kanali.

Dai langu: mauaji ni kisingizio tu. Tunataka kuingia nyumba za watu, kuona mapazia yao na kusikia siri zao, na maiti ndiyo inayotufungulia mlango. Karibuni mnipinge.

#2 Ngoja Kwanza
Natandika mkeka. Wajuzi wako njiani.

#3 KaratasiMbili
Nakupinga, dada. Ni fumbo. Msomaji anashindana na mwandishi, na zamani hata kanuni ziliandikwa. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, alitoa amri kumi za hadithi ya upelelezi. Mpelelezi asiwe ndiye muuaji. Mizimu na miujiza marufuku. Njia ya siri ndani ya nyumba isizidi moja. Kidokezo alichokiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe. Mwaka uliofuata waandishi wa London wakaunda klabu yao, Detection Club, na mwanachama mpya alikuwa analishwa kiapo. Mchezo wenye refa huo. Mapazia unayaona ukiwa njiani tu.

#4 Mama Kuku
KaratasiMbili umesoma sana, lakini mimi kwenye fumbo nashindwa kila mara na bado narudi. Kuna vipindi narudia kuvitazama nikijua fika kwamba muuaji ni yule dada wa posta. Fumbo gani hilo ambalo jibu ninalo?

Umbea, jamani. Tusizungukane.

#5 Afande Mstaafu
Nimetumikia polisi upande wa upelelezi, mikoa kadhaa. Mauaji ya kweli mara nyingi hayana fumbo. Unafika eneo la tukio, mtuhumiwa ama amekaa palepale analia, ama amekimbilia kwa mjomba wake na kijiji kizima kinakuelekeza njia. Pombe, mpaka wa shamba, wivu wa mapenzi, urithi. Kumjua nani si kazi. Kazi ni kumpata shahidi atakayeyarudia mahakamani yale aliyokunong'oneza chini ya mwembe. Hawa kina Barnaby, wapelelezi wa Midsomer, mashahidi wao wanamwaga yote kwa kikombe kimoja cha chai, tena mbele ya mke na majirani. Hapo ndipo ninapocheka peke yangu.

Lakini natazama. Mke wangu ndiye aliyenianzisha.

#6 Wakili Mchovu
Afande umegusa penye kidonda. Nazungumza kutoka Nairobi. Kile kipande cha mwisho ambapo wote wamekusanywa sebuleni, mpelelezi anazunguka nyuma ya viti, na muuaji anaropoka "Ndiyo, nilimuua, na ningeweza ningemuua tena!" Kwa sheria yetu, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo lazima litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria, naye asiwe ndiye anayepeleleza kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Sebule ya kasisi haimo. Kesi hiyo naitupa nje kabla ya saa nne na kurudi zangu ofisini kunywa chai.

Na labda raha iko hapo, bana. Mchana kutwa niko kortini: kesi imeahirishwa, faili halionekani, shahidi amehama kaunti. Usiku nataka dunia ambayo mtu akishikwa imeisha, ndani ya saa mbili, pamoja na matangazo.

#7 Mganga Njaa
Mpaka sasa kila mtu ametaja chai. Jibu ni chai. Uzi ufungwe.

#8 Mtoto wa Mombasa
Hahaha. Mimi dadangu anaishi hukohuko Midsomer, upande wa Bath. Anasema ni pazuri lakini wafu hajawaona.

#9 Dereva wa Reading
Mtoto wa Mombasa, dadako yuko Midsomer Norton, mji wa kweli ulioko Somerset. Mkoa wa Midsomer wa kwenye tamthilia haumo kwenye ramani, umetungwa. Picha wanapiga zaidi Oxfordshire na Buckinghamshire, ambako mimi nasambaza mizigo. Ule mji wao wa Causton mara nyingi ni Wallingford. Sasa hapohapo Wallingford ndipo Agatha Christie alipokuwa na nyumba mpaka akafariki Januari 1976, na kaburi lake liko Cholsey, kijiji cha jirani. Mjini wamemwekea sanamu, amekaa kwenye benchi, watu wanakaa ubavuni pake wanapiga picha.

Mnataka kujua vijiji hivyo vikoje? Kwa macho ni vizuri, siwezi kudanganya. Nyumba za zamani zimeezekwa nyasi, mto, bata. Lakini posta imefungwa, baa imefungwa, basi linapita kwa msimu, na bei ya nyumba usiulize. Yule muuza keki wa kwenye tamthilia asingemudu kupanga hata banda la baiskeli. Wengi ni wastaafu wenye hela na watu wa London wa wikendi. Umbea unataka watu wanaoshinda barazani, na pale mchana hukuti mtu. Nabonyeza kengele, naacha boksi mlangoni, naondoka.

Kwa hiyo Nyakwezi, hicho kijiji unachokipenda hata wenyewe Waingereza wanakitazama kwenye runinga tu, kama wewe.

#10 Mwl. Chaki
Tazameni tarehe. Riwaya ya kwanza ya Christie ilitoka 1920, Marple akapata yake 1930. Kabla ya hapo Vita ya Kwanza ilikuwa imeondoka na Waingereza zaidi ya laki saba, na karibu kila kijiji kikajengewa mnara wenye majina ya vijana wake. Watu walikuwa wamechoshwa na vifo visivyo na maelezo: barua inaletwa, basi. Kisha inakuja hadithi ambayo akifa mtu mmoja tu, hata awe mzee mwenye gubu, kijiji kizima kinasimama na kuuliza kwa nini, saa ngapi, nani alikuwa wapi, mpaka jibu lipatikane. Kifo kimoja kinapewa heshima ambayo vifo laki saba havikuipata.

Christie mwenyewe wakati wa vita alikuwa hospitalini kwao Torquay, kwanza akiuguza majeruhi, baadaye chumba cha dawa. Sumu nyingi mnazozisoma alizijulia pale, kwa mizani na chupa.

#11 KaratasiMbili
Hoja tamu, Mwalimu, ila kuna kombo. Mwaka 1892, vita haijanusa, Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, yuko kwenye treni na rafiki yake Watson. Watson anasifia nyumba za mashambani zilivyopendeza. Holmes anamjibu kwamba yeye nyumba hizo zinamtia hofu kuliko vichochoro vibaya vya London, kwa sababu mjini mtoto akipigwa jirani anasikia, na huko shamba hakuna wa kusikia. Kwa hiyo maiti kwenye maua ilianza mapema.

#12 Mwl. Chaki
Unanibebea hoja na hujui. Kabla ya vita kijiji kilimtia Holmes hofu. Baada ya vita kijiji hichohicho chenye maiti kinawatuliza watu. Kilichobadilika ni wasomaji.

#13 Shangazi wa Shinyanga
Nimesoma kimya, acha niseme. Huyo Bibi Marple ni nani? Ni mwanamke mzee, hana mume, hana mtoto, anaishi peke yake, ni nadra kutoka kijijini, na anajua kila nyumba ina nini. Uingereza wanamwita mpelelezi. Usukumani kwetu mzee wa namna hiyo amekuwa akikatwa mapanga.

Miaka na miaka vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ni macho mekundu. Macho hayo wameyapata jikoni, kwenye moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, wakiwapikia haohao. Bibi yangu mmoja, mdogo wake bibi mzaa baba, ilibidi ahamishiwe mjini usiku baada ya kuona alama mlangoni pake. Na ukichimba, mara nyingi hata uchawi wenyewe haumo. Mjane ana shamba, kuna wanaolitaka, mtu anakwenda kwa mganga na bahasha, mganga anataja jina.

Mimi namsoma Marple kwa sababu hiyo tu. Namwona bibi anazungumza polepole, anazunguka, anamfananisha mtuhumiwa na kijana fulani aliyekuwa anauza samaki kijijini kwao miaka ile, na inspekta mzima ametulia anaandika. Anasikilizwa. Hakuna anayemchungulia macho.

#14 Afande Mstaafu
Shangazi amesema yaliyopo. Faili za namna hiyo nimezishika. Mkataji mara nyingi ni wa kukodiwa, anatoka wilaya nyingine, na aliyemtuma ndiye anayelia kuliko wote msibani. Zaidi ya hapo siongezi.

#15 Mganga Njaa
Shangazi pole. Ila waganga wengine tunasingiziwa, mimi natibu njaa peke yake.

#16 Mama Kuku
Mganga Njaa kaa chini. Shangazi, asante kwa kusema. Bibi yuko salama sasa?

#17 Shangazi wa Shinyanga
Alifariki kitandani kwake, mjini, amezungukwa na wajukuu. Nashukuru.

#18 Pwani Tulivu
Nyie mwazunguka Uingereza kote na wetu mnaye. Muhammed Said Abdulla, wa Unguja. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kitabu kikatoka 1960. Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum. Msa si askari, ni mtu wa kawaida mwenye akili na subira. Maiti inakutwa mzimuni, watu washaamua ni kazi ya mizimu, wanatetemeka, na Msa anakaa chini kutafuta binadamu aliyefanya.

Someni tena #3 na #13 pamoja. Kwa Waingereza amri ya "mizimu marufuku" ilikuwa kanuni ya mchezo tu. Kwetu ilikuwa jambo zito. Mtu kusimama mbele ya jamaa zake akasema huyu hakuuawa na shetani, kauawa na mmoja wetu, si mchezo huo.

#19 KaratasiMbili
Msa namheshimu, lakini kiko ni cha Holmes na Najum ni Watson aliyevaa kanzu.

#20 Pwani Tulivu
Kiko chukua, nakuachia. Lakini Holmes hana haja ya kujua bibi yako ni nani. Kwa Msa bila nasaba hufiki popote: nani mtoto wa nani, nani aliolewa akaachwa, nani alilelewa kwa watu akabadilishwa jina. Maovu yote yanachipuka kwenye ukoo. Ndiyo maana yanasomeka kama mazungumzo ya barazani baada ya isha. Na Kiswahili chake! Mzee alikuwa pia mhariri wa gazeti la Mkulima, utadhani kila sentensi kaipalilia.

#21 Mtoto wa Mombasa
Sawa, lakini baada ya Msa kijiji kilikwenda wapi? 1965 Faraji Katalambulla anatuletea Simu ya Kifo, tuko Dar, kuna simu, kuna magari. Halafu jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba na mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Bastola, hoteli kubwa, ndege, warembo. Mimi nimekulia hizo, nilikuwa nazificha ndani ya kitabu cha jiografia. Lakini hakuna hata mmoja aliyekaa kijijini kunywa uji na kumsikiliza bibi.

#22 Mwl. Chaki
Kwa sababu adui alikuwa nje. Miaka ya 1970 na 1980 Makaburu wako kusini, wapigania uhuru wako kwetu, majasusi wanasemwa kila kona. Gamba alikwenda kupambana na hao. Kijiji kilikuwa na kazi nyingine wakati huo, kilikuwa kinajenga ujamaa, na muuaji wa ndani ya kijiji cha ujamaa nani angethubutu kumwandika? Ukimweka mwenyekiti kuwa mtuhumiwa, umeandika siasa tayari.

#23 Mpemba wa Muscat
Hapo kwenye sumu za Christie (#10) nina nyongeza, maana huku Ghuba kisa hiki kinatuhusu. Mwaka 1977 mtoto mdogo wa kike alipelekwa London kutoka Qatar, anaumwa, madaktari wa hospitali ya Hammersmith hawajui anaumwa nini. Nesi mmoja alikuwa anasoma The Pale Horse ya Christie, riwaya ya 1961, akaona dalili za mtoto zinafanana na za kitabuni, nywele kunyonyoka na kadhalika. Akasema: jaribuni thaliamu. Wakapima, ikawa ndiyo. Sumu ilikuwa ya kuulia mende na panya nyumbani. Mtoto akapona.

Kwa hiyo mume wa Nyakwezi akiuliza tena, aambiwe mkewe anasomea udaktari.

#24 Sister Sindano
Mpemba, kisa hicho ni cha kweli, na sisi manesi tunakipenda mno, utajua kwa nini. Madaktari walikuwa wengi, aliyesema ni nesi!

Ila wodini nimewapokea waliokunywa sumu ya panya na dawa ya kunyunyizia mimea. Hakuna utulivu pale. Kuna harufu, kuna matapishi, kuna mama anapiga kelele koridoni. Kwenye tamthilia mtu anashika koo, anaanguka vizuri, kikombe hakivunjiki. Wanatufutia mwili. Tunabakiziwa jina na swali. Nikitoka zamu ya usiku nataka kifo cha namna hiyo, kilichokwisha kufuliwa na kupigwa pasi.

#25 Baba Furaha, Goma
Aksanti kwa huu uzi. Huku kwetu mtu akiuawa hatuulizi nani. Tunajua, na hatutaji. Mke wangu anatazama Father Brown kwa Kifaransa kwenye simu, yule padri wa baiskeli. Nilimuuliza anapendea nini. Akanijibu: kule maiti ni moja, na ina jina, na padri anarudi kuisalia. Nimekumbuka aliyoandika Mwalimu kule #10.

#26 Chuma cha Pua
Samahanini, mimi naona mnatafuta falsafa kwenye kitu cha wazee. England na Wales pamoja wana mauaji kama 500 hadi 600 kwa mwaka, watu zaidi ya milioni 60. Hicho kijiji cha Midsomer kwa kasi yake kingeisha kabla ya msimu wa tano. Kuna kipindi mama anauawa kwa gurudumu la jibini! Jibini! Hadithi ya upelelezi inatakiwa itishe, iwe na mitaa, rushwa, polisi mchafu.

#27 Mama Kuku
Polisi mchafu naye ninamwona bure, sihitaji king'amuzi. Jibini nalipia.

#28 Afande Mstaafu
Nimekusikia, Mama Kuku.

#29 Nairobi Mvua
Hakuna aliyetaja rangi. Mwaka 2011 mtayarishaji wa Midsomer, Brian True-May, alisimamishwa baada ya kusema tamthilia inapendwa kwa kuwa haina watu wa makabila mengine, eti ngome ya mwisho ya Uingereza halisi. Baadaye waigizaji wengine wakaanza kuonekana, na mauaji yameendelea vizuri tu.

Na hicho "kijiji tulivu" walishakileta kwetu. Elspeth Huxley miaka ya 1930 aliandika mauaji ndani ya koloni la kubuni la Afrika. M. M. Kaye aliandika mauaji ya Kenya na ya Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazungu wachache kwenye veranda, kila mtu anamjua mwenzake. Sisi tumo: tunaleta trei, tunapiga kelele tukikuta maiti, tunatoka. Tena hawakuhitaji kubuni, Lord Erroll, mlowezi mmoja Mwingereza, aliuawa kwelikweli huko Happy Valley, 1941.

#30 Wakili Mchovu
Rekebisho dogo: Happy Valley ni upande wa Wanjohi. Erroll alikutwa ndani ya gari nje ya Nairobi, upande wa Karen na Ngong. Sir Delves Broughton alishtakiwa, akaachiwa huru, na hakuna aliyetiwa hatiani hadi leo. Ndiyo maana kisa hicho hakimlazi mtu. Nakwambia utamu uko kwenye hukumu.

#31 Dereva wa Reading
Nairobi Mvua, ni kweli. Nikishusha mzigo kijijini mapazia yanatikisika. Kina Marple bado wapo, wananipeleleza mimi.

#32 Wakili Mchovu
Niendelee na hukumu, maana kuna kitu kimefichwa. Enzi za Marple muuaji akishikwa alikuwa ananyongwa. Uingereza ilinyonga mara ya mwisho Agosti 1964. Riwaya inakuonyesha sebule, inakuonyesha ungamo, gari la polisi linaondoka, na kamba huioni. Kurasa za mwisho ni arusi ya vijana wawili. Kwetu Kenya adhabu iko vitabuni lakini hatujanyonga tangu 1987. Msomaji wa wakati ule alijua gari lile linakwenda wapi, na alilala vizuri vilevile. Hilo linanisumbua kidogo, na hapo hapo nina foleni ya vitabu kumi kitandani.

#33 KaratasiMbili
Mshairi W. H. Auden aliandika insha kuhusu hili mwaka 1948. Alikiri kwamba kwake ni uraibu, na kwamba isipokuwa kijijini Uingereza anapata taabu kuisoma. Maelezo yake: mahali lazima pawe pema mno, kama bustani ya Edeni, ili dhambi ya mmoja iwatie doa wote. Akishatolewa yule mmoja, wengine wanabaki wasafi. Msomaji naye anajihesabu na wasafi.

#34 Shangazi wa Shinyanga
KaratasiMbili, Auden wako amenikaa vibaya. Hivyo ndivyo kijiji kinavyojisemea kikishamtoa bibi. "Sasa tumesafika."

#35 KaratasiMbili
Sina jibu la hilo.

#36 Sister Sindano
Jamani, na Mma Ramotswe wa Botswana je? Yule mwandishi mama wa Kitswana ameweza. Yule mpelelezi na kigari chake cheupe na chai ya majani mekundu.

#37 Nairobi Mvua
Mwandishi si mama wala Mtswana. Alexander McCall Smith, mzungu aliyezaliwa Bulawayo 1948, aliyekuwa profesa wa sheria Edinburgh, aliwahi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Botswana. Kitabu cha kwanza 1998.

#38 Sister Sindano
Mwanamume! Basi amewasikiliza akina mama vizuri. Lakini tazameni: mle mauaji ni nadra. Mume amepotea, mtu ameibiwa, binti anafuatiliwa na baba yake. Na bado natulia vilevile. Kwa hiyo dai la #1 limepata nguvu, maiti haihitajiki.

#39 Mama Kuku
Kwangu inahitajika. Asipokufa mtu nalala kabla ya wimbo wa mwanzo kwisha, tena usingizi wa kuchoka.

#40 Nyakwezi
Nimesoma zote, asanteni. Mume wangu naye kasoma juu ya bega langu, amekwama kwenye #24 na #34. Swali jingine: nani ataandika ya kwetu, ya sasa? Kijiji cha Lushoto kwa mfano. Baridi, ukungu, mapea, kanisa la Walutheri, msikiti, kila mtu anamjua mwenzake. Nani afe?

#41 Mganga Njaa
Mwenyekiti wa kijiji. Watuhumiwa: wote.

#42 Chuma cha Pua
Dalali wa mashamba. Nitasoma hiyo.

#43 Mtoto wa Mombasa
Mweka hazina wa kikoba, siku ya kugawana. Anakutwa amekufa stoo, sanduku liko pembeni limefungwa, halina kitu ndani.

#44 Mama Kuku
Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, mweka hazina hapewi hata moja. Kwenye chetu ndivyo ilivyo. Kwa hiyo lilifunguliwaje?

#45 KaratasiMbili
SASA tunaongea.

#46 Afande Mstaafu
Nitajieni hao watatu, na nani kati yao hakuja msibani.